Maji Yaliyong'aa Mno

Jumatano, katikati ya Kwaresima. Mvua imenyesha tangu alfajiri, kisha ikakatika mchana kama mtu aliyekumbuka kwamba ana shughuli kwingine. Mabati ya kambi yote ya reli yanafuka mvuke. Dohani kubwa ya kiwanda cha shaba haionekani, wingu limeimeza, na Elisabethville yote leo inafanana na mji usio na kazi.

Nina usingizi ambao si usingizi. Tangu nirudi kutoka kwa masista, ninakofundisha watoto wadogo kusoma, sijavua hata viatu. Nimekaa mbele ya sanduku la kioo, nao samaki wananitazama, au wanatazama kitu kilicho nyuma yangu.

Jumamosi, siku ya mposho, kampuni inapogawa chakula, Mama anarudi.

Jana ndipo tulipopata habari. Papa Musonda, dereva wa lori linaloleta samaki kutoka Kasenga, alisimama barabarani bila kuzima injini. Akatoa kichwa dirishani na kuniita kwa sauti ya kusikika hadi nyumba za mwisho.

"Leontina! Mama yako anakuya siku ya mposho! Nitamupakia mbele, pembeni yangu, hapana nyuma na samaki!"

Majirani wakacheka. Nami nikacheka. Kisha akaongeza, kama jambo dogo tu, "Anauliza samaki yake iko namna gani?"

"Iko muzuri, Papa," nikamwambia.

Lori likaondoka, nikabaki nimesimama kwenye harufu ya samaki wakavu, na jibu langu mdomoni kama mwiba. Walikuwa saba Mama alipoondoka. Wamebaki watatu.

Naandika haya ili nione vizuri kilichotokea. Mambo yakiwa ndani ya kichwa changu huelea tu, hayakai chini.

Sanduku lile Baba alilitengeneza zamani, alipokuwa bado kijana katika atelie, karakana ya reli, na Mama bado bibi arusi mgeni. Vioo ni vya dirisha la behewa la zamani, vyuma vya pembeni alivipinda mwenyewe. Mama amezaliwa ukingoni mwa Luapula. Alipoletwa hapa, kwenye mji wa vumbi jekundu na vyuma, alilala vibaya miezi mingi, kwa sababu, anasema, usiku hakusikia kitu kikipita. Kwao usiku mto unapita. Baba akamjengea sanduku. Naye alipokwenda kuwasalimu wazazi wake, alirudi amepakata karai lililofunikwa kwa majani ya yungiyungi, safari nzima juu ya lori, na ndani ya karai mlikuwa na visamaki visivyozidi urefu wa kidole. Samaki hawa wa leo ni vitukuu vya wale.

Nampenda Baba zaidi ninapolikumbuka hilo karai, ingawa hakuwepo safarini.

Juu ya sanduku, kwenye ubao, kuna debe. Ndilo chujio. Ndani yake mna kitambaa, juu ya kitambaa makaa yaliyopondwa, kisha mchanga wa mto, kisha kokoto. Mama alikuwa akichota maji ya sandukuni kwa kikombe cha kibuyu na kuyamimina juu ya kokoto. Yanapita polepole, yanaacha uchafu wake njiani, kisha yanatoka chini kwa kipande cha tete na kurudi kwa samaki. Tone. Halafu tone. Halafu unafikiri kwamba yamekwisha, kumbe tone.

Asubuhi na jioni, miaka yote. Maji yale hayakuwa meupe hata siku moja. Yalikuwa na rangi ya chai ya mgonjwa, na kioo kilikuwa na manyoya ya kijani pembeni, na konokono wadogo walitembea juu yake bila haraka yoyote.

Mvua za kwanza zilipoanza, bibi yangu aliteleza kwenye gati la Kasenga akavunjika nyonga. Mama akaenda kumuuguza. Ndivyo tunavyowaambia watu, na ni kweli.

Lakini kuna jambo lingine, nalo sijalisema kwa mtu. Wiki ile kabla hajaondoka, Baba alikuwa na wageni sebuleni, mafundi wenzake waliovaa makoti. Mama alikuwa akimimina maji debeni. Baba akasema kwa kicheko, "Angalieni muke wangu. Nilimupatia nyumba ya simenti, lakini ye eko nalinda matope ya kwabo." Wageni wakacheka sana. Mama naye akacheka. Akamalizia kumimina, akapangusa ubao, akaenda jikoni. Kikombe cha kibuyu kilikuwa kimepasuka ukingoni. Alikuwa amekishika kwa nguvu mno.

Alipopanda lori aliniambia maneno machache tu. "Samaki ninakuachia weye. Maji usiisumbue."

Nami nimeyasumbua.

Sikufanya kwa ubaya. Nilifanya kwa sababu matone yale yalinichosha roho. Masista waliwahi kunituma kupeleka vitambaa vilivyotariziwa kwenye nyumba moja ya Wazungu kule Bel-Air, na pale barazani palikuwa na sanduku la samaki lenye mashine ya umeme. Maji yalipanda na kushuka yenyewe, mapovu yakicheza, nawe ungeweza kusoma gazeti kupitia upande wa pili. Nilisimama pale hadi mama mwenye nyumba akakohoa. Njia nzima ya kurudi nilitembea ndani ya yale maji. Niliona sebule yetu, niliona Mama anaingia mlangoni, anatua mzigo, anatazama, na kusema, "Leontina, hii ni weye njo ulifanya?"

Basi nikaanza. Nilitoa nusu ya mchanga, nikaongeza kokoto. Nikapanua tundu la chini. Maji yakatoka kwa kasi zaidi, lakini tete moja halikuyatosha, yakawa yanafurika na kulowesha ubao. Nikamwambia Baba wakati wa chakula kwamba nahitaji mrija mpana.

Tangu Mama aondoke Baba alikuwa mtu wa kutazama sahani. Siku hiyo aliinua macho.

"Wa kufanya nini?"

"Wa maji ya Mama."

Akarudi kwenye sahani yake. Lakini keshoye alirudi na mrija wa shaba, mabaki ya kazi, mrefu kama mkono wangu. Alikaa nao uani, akaupinda taratibu juu ya goti lake, akautoboa matundu madogo kwa mstari ulionyooka kabisa. Alikuwa akipiga mluzi. Shangazi Adela, dada yake aliyekuja kutoka Mitwaba kututunzia nyumba, alitoka jikoni kumtazama.

"Kaka, ni arusi ya nani?"

"Nyamaza weye. Muke wangu akirudia, atasikia mvua mu nyumba yake."

"Samaki ya kuangalia!" Shangazi akapiga makofi. "Kwetu Mitwaba samaki tunaikula, na mifupa tunapatia paka."

"Njo maana paka za kwenu zimenenepa kushinda bantu."

Shangazi alicheka hadi akashika ukuta. Sikumbuki nyumba yetu ilicheka lini kabla ya hapo. Nilielewa kwamba mrija ule ni maneno ambayo Baba ameshindwa kuyaandika. Hakuna fundi anayetoboa matundu kwa unyofu namna ile kwa ajili ya samaki.

Na ulifanya kazi! Debe ambalo zamani lilishinda asubuhi nzima likidondoka, sasa lilijimwaga lote kabla ugali haujaiva. Maji yalitoka kwenye yale matundu kama mvua ya kitoto, nyuzi nyingi nyembamba, na sauti yake ilijaa sebuleni. Nilimimina mara nyingi kuliko Mama. Baada ya siku chache rangi ya chai ilififia. Manyoya ya kijani yakaanguka, kioo kikabaki kitupu. Majirani waliingia kutazama. Mmoja aliuliza kama kweli mna maji humo, au samaki wanaruka.

Shangazi hapendi samaki, lakini anapenda shaba. Yeye husugua kila kinachoweza kung'aa, kwa kuwa wakaguzi wa usafi hupita kambini bila taarifa, na mwaka uliopita nyumba yetu ilipewa zawadi ya nyumba safi. Kila wiki anautoa mrija, anausugua kwa ndimu na majivu, anaurudisha unawaka kama kikombe cha misa.

Konokono ndio waliotangulia kutoweka. Nilifurahi. Niliandika hapa, siku ile, kwamba hata wadudu wameona aibu.

Halafu samaki mmoja alipatikana amelala ubavu. Nikasema ni uzee. Akafuata mwingine, na wawili wengine kwa pamoja. Na kila alipokufa mmoja, mimi nilimimina zaidi, nikachuja zaidi, nikamwachia Shangazi asugue zaidi. Niliamini kwamba bado maji si safi vya kutosha.

Waliobaki ni dume mwenye midomo ya buluu na doa jekundu kwenye pezi la chini, jike mmoja mzee, na Sista.

Sista nimempa jina mimi. Ni jike mdogo wa rangi ya mchanga. Samaki wa aina hii wana desturi yao: jike akishataga, huyakusanya mayai yote mdomoni, na huko ndiko watoto wanakoanguliwa na kukua. Siku zote hizo hali kitu. Mdomo umejaa watoto, atakulaje? Anakaa pembeni, taya limevimba, analitikisa polepole kama anayetafuna sala. Sista alifunga mdomo wakati wa Kwaresima ulipoanza, kama sisi sote, lakini yeye hadanganyi kwa kuonja mchuzi jikoni.

Leo mchana alikuwa juu kabisa, pua yake ikigusa hewa. Anahema. Taya linakwenda haraka, haraka, si kama sala tena. Na wanasema jike wa namna hii akipata dhiki kubwa huwatema watoto kabla ya wakati, au huwameza.

Nilitazama maji. Sijawahi kuona maji kama yale. Hayakuwa na rangi, hayakuwa na upande. Sista alining'inia katikati ya kitu kisichokuwepo. Nikawaza: huu ndio utulivu niliokuwa nikiutafuta, na mbona unatisha? Mvua ilikuwa ikipiga mabati, joto la chumba likanilegeza, nikaweka shavu mezani.

Hapo nilikwenda mahali. Sijui kama ni ndoto, macho yangu yalikuwa wazi nusu. Nilikuwa nikipanda kilima na viatu vyangu vya shule. Kilima chenyewe nakijua, masista walitupeleka huko tulipokuwa wadogo: pande zote ni msitu wa miombo, lakini juu ni uwanda mtupu, hakuna mti, hakuna kichaka, majani mafupi tu na vijiua vya zambarau vilivyosimama vimoja vimoja. Katika ndoto kilima kilikuwa chini ya maji meupe yasiyo na mwisho, na wasichana wenzangu walitembea mbele yangu bila kutoa sauti. Nikachuma ua. Nikauliza kwa nini hakuna miti. Na mmoja wao, bila kugeuka, alinijibu kile ambacho watu wa mashamba ya huku walituambia siku ile tulipowapita njiani, ambacho kila mtoto wa Katanga anakijua hata kabla ya kusoma: "Hapa chini kuna shaba. Muti haipendi."

Nikaamka shavu limelowa.

Shaba. Mti haupendi. Jani halipendi. Manyoya ya kijani hayakupenda. Konokono hawakupenda.

Nilisimama juu ya kiti nikautazama ule mrija, si kama mtu anayeutazama kwa kiburi, bali kama anayeona mgeni kitandani mwake. Nje ulikuwa ukiwaka. Shangazi aliusugua leo asubuhi, mapema kuliko siku zake, kwa ajili ya Mama. Lakini ndani ya matundu, ambako ndimu inaingia na kitambaa hakifiki, kulikuwa na ukoko wa kijani-buluu. Kwenye ubao, kila tone lilipoanguka vibaya, palikuwa na doa la rangi hiyo hiyo. Nimelifuta doa lile mara nyingi bila kuliuliza linatoka wapi.

Nikakinga maji ya mrija kiganjani, nikaonja kwa ncha ya ulimi, nikatema.

Ladha ya sarafu. Utotoni tulikuwa tukishika sarafu kwa meno ili mikono iwe huru kuruka kamba. Ndiyo ile ile.

Nimesoma miaka mingi. Naweza kutaja mito ya Ubelgiji kwa mpangilio. Nami nimewanywesha samaki wa Mama kilima kisicho na miti.

Niliutoa mrija nikauweka mezani. Hapo nikagundua kwamba kazi ngumu haijaanza. Kuna Baba.

Shangazi aliingia na beseni la nguo, akaona meza.

"Mamuzele, mwalimu wa masista, juu ya nini unautosha mrija mu debe? Nimeusugua mpaka mukono inauma."

"Shangazi, shaba inaua samaki."

"Shaba?" Alilitua beseni. "Shaba inaua? Bazungu bametoka mbali kuifwata, inaua?" Kisha akanitazama usoni, akashusha sauti. "Utamwambia kaka yangu vile? Siku yote iko anauangalia kabla ya kuenda kazi. Mwache mpaka siku ya mposho. Mama yako auone. Nyuma, utautosha polepole."

Nilifikiri. Naapa nilifikiri. Siku tatu tu, Mama aingie, asikie mvua ndani ya nyumba yake, aone mwanga wa shaba, aelewe. Halafu nikamtazama Sista, pua yake hewani.

Siku tatu hana.

Nikaanza bila kungoja ruhusa. Nilikuwa nimetega karai uani kukinga mvua inayoshuka wazi, si ile ya mabati. Nikachota maji ya sandukuni na kuyamwaga, nikarudisha ya mvua kidogo kidogo, kikombe kwa kikombe, kile kile cha kibuyu chenye ufa, ili baridi isiwashtue. Nikatupa makaa na kitambaa, nikaweka vipya. Mchanga wa Mama, ule niliokuwa nimeutoa, nilikuwa nimeuacha kwenye gunia nyuma ya jiko. Niliurudisha wote.

King'ora cha atelie kikalia. Baba aliingia, akavua kofia, akaona mrija mezani na maji yaliyomwagika sakafuni. Uso wake ulifunga kama ulivyokuwa umefunga miezi hii yote, na nilijua amefikiri nini: kwamba binti yake msomi ameona kazi ya mikono yake haifai.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yote yakanikimbia. Nikachukua kikombe kingine, chenye maji ya zamani niliyokuwa nimeyakinga chini ya mrija kabla ya kuutoa, nikamnyoshea.

"Baba, onja. Usimeze."

Alichovya kidole, akakiweka ulimini.

"Ni shaba," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Miye hii ladha niko nayo mu mdomo kila siku. Hata ku chakula ya mama yako niko naisikia." Alikaa kitini polepole. "Haikunifikia kusema ni kitu mubaya. Shaba njo inatulisha."

"Sisi, Baba. Hao hapana."

Alicheka, kicheko kifupi cha puani ambacho hakikuwa na furaha. "Nilitaka akirudia asikie maji," akasema. Hakusema nani.

"Atasikia."

"Na nini? Na ile tete yako moja? Tone, kisha mutu analala, kisha tone?"

Na hapo, kwa kuwa alikuwa amenikasirisha kidogo, nikapata jibu. "Nani alisema iwe moja?"

Alinitazama. Akatazama debe. Niliona macho yake ya fundi yakianza kupima, na moyo wangu ukashuka mahali pake. Akavaa tena kofia. Shangazi akampigia kelele kwamba chakula kinapoa. Hakusikia. Alikwenda hadi kwenye mfereji ulio nyuma ya reli, jua likiwa bado lipo, akarudi viatu vimejaa matope mekundu na begani fungu la matete mabichi.

Tuliyakata pamoja. Alilimwaga debe, akatoboa kitako chake matundu mengi kwa msumari na nyundo, mstari ulionyooka kabisa, nami nikachomeka tete moja moja na kuziba kwa nta ya mishumaa. Mkono wake ulikuwa ukigusa wangu. Hatukuzungumza ila mara moja, alipopima tete la mwisho na kusema, kama anayezungumza na tete, "Siku ile ya wageni, nilisema vibaya."

"Mwambie yeye, Baba."

"Njo vile," akasema.

Nikarudisha makaa, mchanga na kokoto, nikamimina. Maji yakakaa kimya ndani ya mchanga, muda mrefu, nikaanza kuogopa. Kisha tete la kwanza likadondosha, na la pili, na yote, si pamoja, kila moja na wakati wake. Si mvua ya mrija. Si matone ya zamani pia. Ni kama mtu anayepita majini kwa miguu bila haraka, hafiki, haondoki. Haina kasi ya shaba, lakini inazidi sana ile ya tete moja, na mchanga una muda wa kufanya kazi yake.

Shangazi alisimama mlangoni akisikiliza, akijifanya anafuta sahani. Kisha akauchukua mrija mezani. "Na hii tutafunga pazia ya dirisha la mama yako," akasema. "Iko na kazi yake. Kazi yake ni kung'aa." Akaondoka nao jikoni, na nikasikia ndimu ikikatwa.

Sasa ni jioni, mwanga unafifia. Makaa mapya, matete mabichi na maji ya mvua vimeyapaka maji rangi. Si meupe tena. Yana wingu, yana chai hafifu, upande wa pili wa kioo umepotea. Dume nimemwona mara moja akipita. Jike mzee yuko chini, sijui kama atafika kesho, siwezi kujidanganya. Imebidi niinamie kioo, paji la uso likigusa, ili nimtafute Sista, na niliwaza kwamba wakati wote yale maji yalipong'aa sikuwahi kumtafuta mtu humo. Nilikuwa nikitazama kung'aa tu.

Je, na mambo mangapi mengine nimeyasugua hivyo?

Nilimwona nyuma ya jiwe, karibu na mchanga. Hakuwa juu tena. Taya lake lilikuwa likienda polepole. Akakigeukia kioo, akafungua mdomo kidogo, upana wa punje ya mtama, labda kubadilisha maji, labda kunitazama vizuri.

Ndani ya mdomo wake mlikuwa na macho. Mengi, meusi, madogo kama mbegu, mawili mawili, yote yakitazama nje.

Kisha akafunga.

Vumilia, Sista. Jumamosi Mama yuko njiani, anakaa mbele, pembeni ya dereva. Safari hii sitamwambia ni wangapi. Nitamwonyesha mahali pa kuinama.